Adabu ya Nesi Kavutha

Watu wa Noonkopir, mtaa wetu hapa Kitengela, wakikuambia Kavutha ndiye aliyemuua mzee wangu, waambie waje kwangu dukani niwaeleze, na waje wakiwa wameshiba, kwa sababu chai sitawapa. Mimi ndiye mke wa Githongo. Mimi ndiye nilizaa naye, nikazeeka naye, nikamzika. Kama kuna mtu wa kumlaumu huyo msichana ni mimi, na mimi simlaumu. Kinachoniuma ni kitu kingine, na ndicho kinanifanya nipange marobota ya nyasi hapa nikiongea peke yangu mpaka wateja wananiangalia.

Kavutha si mtoto wangu wa kuzaa. Mama yake ni Mkamba aliyekuwa amepanga chumba kwenye ploti yetu, akifanya kazi katika mashamba ya maua kule Isinya. Basi la kampuni lilikuwa linawachukua kabla jua halijatoka, sasa mtoto angeachwa na nani? Aliachwa na mimi. Akakua akila kwangu, akafanyia kazi zake za shule kwenye meza yangu, akaniita Mama na Githongo akamwita Baba. Hata Kikuyu alikijua kuliko kijana wangu Ngigi, ambaye ukimsalimia kwa Kikuyu anakujibu kwa Kiingereza.

Na alikuwa na adabu, wacha tu. Mzee akiingia sebuleni, Kavutha ameshainuka, kiti kimebaki bure. Mzee akiwa anaoga kwa bafu ya nje, huyo msichana hapiti upande huo hata kama mvua inanyeshea nguo kwa kamba. Nguo za ndani za mzee hakuwa anazianika. Alikuwa anafua zote zingine, hizo anazipita kwenye beseni kama hajaziona, ananiachia mimi. Hakuna mtu alimfundisha kwa fimbo. Aliona tu vile watoto wa nyumba yenye heshima wanafanya, na sisi tukawa tunamsifu kwa majirani, tunamsifu akiwa hapo anasikia, mpaka ikamwingia kwenye mifupa.

Alipofaulu mtihani akaitwa chuo cha uuguzi, Githongo ndiye alikuwa mwenyekiti wa harambee. Alitoa ng'ombe dume, akasimama mbele ya watu akasema huyu ni wetu, akimaliza masomo hakuna mtu wa ploti hii atakufa na homa. Watu wakacheka, wakatoa. Msichana alimaliza chuo, akakaa nyumbani muda akingoja kazi kama wenzake wote, halafu akaajiriwa katika hospitali moja upande wa Kajiado. Sitaitaja jina, hospitali haikunikosea kitu.

Aisee, mzee wangu alivyojivuna. Alikuwa na picha ya Kavutha ndani ya yunifomu kwenye simu yake, na mteja akija kununua nyasi lazima aonyeshwe picha kwanza ndipo auziwe. Siku Kavutha yuko nyumbani kupumzika, hakuna kupumzika. Ploti yote inajipanga mlangoni. Huyu anataka kupimwa presha, yule mtoto wake anakohoa, mwingine ameleta dawa za mjomba wake aliyekufa anauliza kama bado ni nzuri. Na Githongo amekaa kando kwenye kiti cha plastiki anawapangia foleni, eti daktari wetu atawaona wote.

Lakini jikoni, Kavutha akiwa na mimi tu, alikuwa ananiambia vile kazi ilikuwa inamtisha. Aliniambia alivyotetemeka mkono akitafuta mshipa wa mzee mmoja Mmasai, hadi mzee mwenyewe akamwambia apumue kwanza, damu haiendi mahali. Aliniambia vile miguu inavimba akivua viatu havirudi. Aliniambia juu ya mwanamke wa kwanza kufa mikononi mwake, na vile ilibidi amwoshe na kumfunga, na jioni hiyo hakuweza kula nyama. Mimi nilimwambia atazoea. Nilikuwa najua nini?

Mtu aliyekuwa anamtajataja sana ni mkubwa wa wodi yao, Wakhungu, mwanaume wa miaka mingi katika hiyo kazi, mkali kama pilipili. Wakhungu alikuwa anamgombeza kwa sababu ya heshima. Sio kukosa, ati ana heshima nyingi. Kavutha alikuwa akifika kwa kitanda cha mzee anamsalimia, anaangalia chini, anaomba ruhusa, anazunguka zunguka. Wakhungu akamwambia ukivaa hiyo yunifomu wewe si mtoto wa mtu, na mgonjwa si baba ya mtu, ni mgonjwa. Kavutha aliponiambia hivyo nilikasirika kidogo. Nikamwambia amwache huyo Wakhungu na ukali wake, adabu haijawahi kumharibia mtu kazi. Hayo maneno niliyasema na mdomo wangu huu, nikikata sukuma wiki.

Githongo aliugulia hapa dukani, mchana, akibishana na mteja juu ya marobota. Nikaona mdomo umeenda upande. Nikadhani ananidharau, nikamwuliza unanikunjia uso mbona. Halafu mkono ukaanguka, akateleza kwa ukuta polepole akakaa chini. Kiharusi, pamoja na ugonjwa wake wa sukari, ambao alikuwa anauficha huku akinywa soda. Walimtuliza katika hospitali ya hapa Kitengela, na Ngigi akaja mbio akasema tunaenda Nairobi, ameshaongea na daktari. Mzee, na ulimi ukiwa mzito hivyo, akasema hapana. Akasema apelekwe Kajiado. Akasema, "Niko na mtoto huko."

Ngigi alibishana naye mpaka akatoka nje kupiga ukuta wa watu ngumi. Lakini mzee hakuwahi kushindwa na mtu maishani mwake, na hakuanza siku hiyo.

Pale wodini daktari alitueleza vizuri, mimi na Kavutha tukiwa tumesimama pamoja. Akasema kiharusi si kikubwa, mzee atarudi kutembea na fimbo. Hatari iko mahali pengine. Mtu wa sukari akilala upande mmoja, ngozi ya mgongo na makalio inaoza haraka, na ikioza sumu inaingia kwa damu. Kwa hivyo ageuzwe kila saa, aoshwe, akaushwe, na kila siku mtu aangalie nyuma pale mwisho wa uti wa mgongo. Hiyo ndiyo kazi yote. Ukisikia mtu anasema hatukuambiwa, huyo ni mwongo.

Basi mzee akaanza mambo yake. Nesi akija kumgeuza, anamfukuza. Anamwambia niko na nesi wangu. Alimtukana msichana mmoja mpole mpaka akalia. Wakhungu mwenyewe alikuja, mwanaume kwa mwanaume, akidhani labda ni aibu ya wanawake. Githongo alimtemea uji. Wodi ilikuwa imejaa, wengine wamelala wawili wawili, nani ana wakati wa kubembeleza mzee mjeuri wa Kitengela? Wakhungu akasema haya, Kavutha, huyu ni wako. Na Kavutha akiwa hayuko zamu, wale wengine wanamgeuza wakiwa wamemfunika gubigubi, mzee ameshika shuka na ule mkono mzima kama mtu ameshikilia mfuko wa pesa.

Na Kavutha akiingia, mzee anatulia kama mtoto. Anamwachia uso, anamwachia mikono, anamwachia miguu ioshwe na kupakwa mafuta. Wagonjwa wengine walikuwa wanaona wivu, kwa vile alivyokuwa anamshika vizuri. Akimaliza miguu anasonga juu, na hapo mzee anashika shuka. Anamwambia huko kwingine Mama Ngigi ataosha akija. Anamwambia kwa upole, akiangalia upande, na Kavutha naye anaangalia upande. Anasema sawa Baba. Anabeba beseni anaenda.

Mimi nilikuwa nakuja kila siku na uji na mchuzi wa mbuzi. Namuuliza, umeoshwa? Ananiambia ameoshwa na mtoto wake, vizuri kabisa, juu na chini, hata kama angekuwa wa kuzaa hangefanya vile. Nikiinua mkono kupanga shuka, anasema wacha, nitaingiwa na baridi. Nami ninawacha. Ninamlisha, ninamwambia habari za duka, ninaenda.

Unaona alichofanya huyo mzee? Alimdanganya mtoto juu yangu na akanidanganya mimi juu ya mtoto. Na uongo wake ulikuwa mdogo sana, swali moja tu lingeuvunja. Ningemwuliza Kavutha pale kwa korido, umemwosha Baba huko chini? Lakini nani aulize? Mimi niulize msichana niliyemlea kama ameuona uchi wa mume wangu? Na yeye aniulize mimi, mama yake, kama nimemfunua baba? Tulikuwa tunapishana mlangoni, tunasalimiana, tunaulizana amekula, amelala, sukari imeshuka. Hilo lingine kila mmoja alilimeza kwa ajili ya kumheshimu mwenzake.

Harufu ndiyo ilisema. Mimi nilidhani ni mgonjwa wa kitanda cha pili, na nikamwonea huruma. Asubuhi daktari alipopita na Wakhungu, mzee alikuwa na homa, anaongea maneno yasiyoshikana, mkono wake umelegea. Wakhungu aliinua shuka bila kuuliza mtu. Mimi ndio nilikuwa nimefika na chupa ya uji, nikasimama mlangoni, nikaona. Sitaeleza vile nilivyoona. Nitasema tu palikuwa peusi, na ndani ya ule weusi ngumi ya mtoto ingeingia.

Wakhungu hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilinitisha, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ni mtu wa kelele. Aligeuka akamwangalia Kavutha, akamwuliza ni lini mara ya mwisho aliangalia huu mgongo. Kavutha angeweza kujitetea. Angesema mgonjwa alikataa, na ni kweli alikataa, wodi nzima ni shahidi. Hakusema. Alikuwa anaangalia sakafu vile alivyokuwa anaangalia kwa sebule yangu.

Walipomkimbiza mzee chumba cha upasuaji, tulibaki na Kavutha kwa korido. Akaniambia, "Mama, mimi nilidhani wewe."

Nikamwambia, "Na mimi nilidhani wewe."

Akanieleza vile mzee alikuwa anamwambia mimi ndiye nitamwosha huko chini. Tulikaa kwa benchi ya korido tukiwa tumeshikana, na nilikuwa nasikia moyo wake kupitia kwa yunifomu.

Walikata nyama iliyokufa, wakasafisha, wakampa dawa kali. Akarudi wodini, akaanza kutambua watu. Siku iliyofuata Kavutha alikuja na beseni, akavuta pazia, akaniambia nishike maji. Alikuwa amelia mpaka macho yamekuwa madogo, lakini mkono haukutetemeka. Akasema, "Baba, leo ninafunua. Ukitaka kunitukana, nitukane."

Mzee hakushika shuka. Aligeuza uso akaangalia ukuta, na huyo mtu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata tulipozika mama yake, alilia. Kavutha alimwosha yote. Alimwosha polepole, kidonda na mahali pasipo na kidonda, akamkausha, akambadilisha. Alipomaliza, Githongo akamwambia pole, mama. Sisi watoto wetu wa kike tukiwapenda tunawaita mama. Kavutha akasema si kitu, Baba, akabeba beseni akatoka, na nikamsikia akitapika huko nje.

Kama angeosha hivyo kutoka mwanzo! Nimelifikiria hilo mpaka nimechoka nalo. Sumu ilikuwa imeshaingia kwa damu. Alishikilia siku chache, akaanza kupumua vibaya, akaenda mchana mmoja nikiwa nimemshika kidole gumba, kwa sababu mikono yote ilikuwa na sindano.

Sasa Ngigi. Mimi nampenda kijana wangu, lakini siku hiyo alinipa aibu ambayo hata yeye hataisahau akizeeka. Hakungoja mwili ufike mochari. Aliingia wodini, akamkuta Kavutha akitoa mashuka kitandani, na mbele ya wagonjwa na wageni wao akamwambia baba yake alimlipia karo ili aje amwache aoze kitandani kama mzoga. Akamwambia atamshtaki, atanyang'anywa leseni, atarudi kukata maua na mama yake. Kavutha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia pole sana, kaka, akaendelea kukunja shuka.

Kavutha hakuja mazishini. Mama yake alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na choo, na hakuna mtu alimletea chakula mpaka nilipompelekea mwenyewe.

Baada ya mazishi Ngigi aliita kikao hapo nyumbani. Wajomba walikuja, na shemeji zangu, na mzee mmoja wa kanisa. Ngigi alikuwa ameshaongea na wakili. Walizungumza juu ya uzembe, juu ya mtoto wa watu anayesaidiwa na asiyeshukuru, na walivyokuwa wakizidi kuongea ndivyo nilivyozidi kuona wanazungumza juu ya mtu mwingine, si huyo aliyekuwa anaacha nguo za mzee kwa beseni. Nilikuwa nimekaa na leso yangu ya matanga. Mjane haongei sana katika kikao kama hicho. Mimi niliongea.

Nikasema, "Ngigi, kila siku nilikaa kando ya baba yako na uji. Mikono hii hapa, haikuwa na kiharusi. Ni nani alinikataza kuinua shuka?"

Nikawaeleza yote, vile alivyomwambia Kavutha na vile alivyoniambia mimi. Nikasema mzee wenu aliona aibu ya mtoto wake, akaona heri aoze. Shemeji yangu mkubwa akasema marehemu hazungumziwi hivyo. Nikamwambia nimemzungumzia hivyo, na kama kuna kesi, mimi ndiye mshtakiwa wa kwanza, na huyo wakili aanze kwangu. Yule mzee wa kanisa akaomba tufunge na maombi. Ngigi hakuenda tena kwa wakili. Kuomba msamaha ndiyo hajaomba mpaka leo, na kila akija na mboga za supamaketi ninamkumbusha, ananiambia Mum, leave it.

Niliongea, ndiyo. Lakini nilichelewa. Nilipoenda Kajiado kumwambia Kavutha mambo yameisha, Wakhungu ndiye aliyenipokea. Alinitolea kiti, akanisalimia vizuri. Akaniambia Kavutha ameomba kuhamishwa na amekubaliwa, amepelekwa kituo cha afya upande wa Rombo, huko karibu na mpaka wa Tanzania. Akasema alimsihi abaki. Akasema kila nesi ana mgonjwa mmoja wa namna hiyo, hata yeye ako naye, na kwamba huyo msichana angekuwa mzuri kuliko wote aliowahi kufundisha. Nilimwuliza kama alimwacha na salamu yoyote ya kunipa. Akasema hapana, na nikaona anaona haya kunijibu.

Ninampigia simu wakati mwingine. Anashika. Ananiuliza afya, ananiuliza duka, ananiambia huko kuna baridi asubuhi na mlima unaonekana. Hana hasira na mimi, ningesikia kwa sauti. Lakini haniiti Mama tena. Ananiita Mama Ngigi, vile wapangaji wote wananiita.

Sasa wiki iliyopita alikuja Hilowle, yule Msomali mfanyabiashara wa mbuzi. Huwa anatoa mifugo huko Rombo, anaipeleka soko la Bisil, na akija upande huu ananunua nyasi kwangu. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa na moto. Akaniambia baba mkwe wake alivunjika nyonga, amelazwa huko Rombo, na kuna nesi mmoja hapo, msichana mdogo tu, Mkamba, ambaye hana heshima hata kidogo. Mzee wa watu, mtu wa swala tano, huyo msichana anaingia anafukuza vijana wake nje, anavuta pazia, anafunua shuka bila hata kumsalimia. Kila siku. Mzee amemsihi, amemlaani, amemwambia wewe si ni mtoto wangu, na yeye anamjibu hapana, mimi si mtoto wako, geuka. Hilowle akasema hajui huyo alilelewa na watu wa namna gani.

Nilishika lile robota nilikuwa nimebeba, sikuliweka chini wala sikumpa.

Nikamwuliza, "Mgongo wa mzee uko aje?"

Akaniangalia. Akasema mgongo hauna kitu, ni msafi kama wa mtoto, lakini mgongo si hoja, Mama Ngigi, hoja ni heshima. Nikamwambia mzee amshukuru Mungu. Hakunielewa, akaenda kufungua nyuma ya gari lake.

Nikatoa simu nimpigie Kavutha. Nilitaka kumwambia anafanya vizuri, asimsikize mtu. Lakini nilijua vile angenijibu. Angeniambia asante Mama Ngigi, na sauti iwe safi, haina kitu ndani. Nikarudisha simu mfukoni, nikamsaidia Hilowle kufunga kamba.